Kiingereza cha Kuombea Maji ni cha Nani?

Jioni moja nilikaa kwenye ukuta wa Forodhani mjini Unguja, mkononi gilasi ya maji ya muwa yaliyotiwa tangawizi na ndimu. Hatua chache mbele yangu alisimama kijana anayewatafutia wageni mashua za kwenda kisiwa cha Changuu. Watu wa mjini tunawaita vijana hawa papasi, jina la mdudu anayeng'ang'ania ngozi ya mnyama, na wenyewe jina hilo hawalipendi.

Kwanza walipita mume na mke ambao baadaye nilijua ni Wapolandi. Kijana aliwapa maneno machache yaliyokatwa kama vipande vya mhogo: "Boat, tomorrow, good price, no problem." Hapakuwa na kitenzi hata kimoja, lakini bei ikapatana na wakapeana mikono. Simu yake ikalia. Alikuwa meneja wa hoteli moja ya kaskazini, Mkenya. Kijana akasimama wima kama aliyeitwa na mwalimu mkuu, na sentensi zikatoka kamili: "Good evening, sir. I am just confirming the guests for tomorrow." Alipoikata simu akatokea rafiki yake aliyekuja likizo kutoka London, na hapo Kiingereza kikavua shati. Ikawa "bruv" huku, "innit" kule, na vicheko tele. Mwisho akaniona mimi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hivi katika vyote hivyo, Kiingereza chako hasa ni kipi?"

"Vyote vyangu, mwalimu. Inategemea nani analipa."

Nimesomesha lugha kwa miaka mingi, na sikumbuki jibu fupi namna ile lililobeba mambo mengi kiasi kile. Mitaani kwetu Kiingereza kinapimwa kwa mizani moja tu: ama kizuri, ama kibovu. Kibovu tunakiita cha kuombea maji. Kizuri wazee walikiita Kimombo, vijana wanakiita ung'eng'e, na anayeumwaga anaheshimiwa hata kabla hajasema neno la maana. Ninalolisema leo ni kwamba mizani hiyo imeharibika. Lafudhi ya Mzanzibari anayesema Kiingereza haipimi akili yake wala usomi wake. Inatusimulia njia aliyopitia mpaka akaifikia lugha hiyo, na inatuambia ni watu gani angependa wamhesabu kuwa mwenzao. Kwa kutolijua hilo tunawadhulumu watu, na dhuluma hiyo hufanyika mchana kweupe, madarasani na kwenye vyumba vya usaili.

Kisiwa cha wavuvi na wageni wa msimu

Mwaka 1961 Mmarekani mmoja, William Labov, alikwenda kwenye kisiwa cha Martha's Vineyard, nje kidogo ya pwani ya Massachusetts. Ni kisiwa chenye wavuvi ambacho kila msimu wa joto hufurika wageni wenye fedha kutoka bara. Labov alikaa akisikiliza jinsi wenyeji wanavyotamka maneno kama "right" na "house". Wengine walikuwa na matamshi ya kikale ambayo mtu angetarajia yafifie kwa kadiri wageni walivyozidi. Alichokikuta ni kinyume chake: matamshi hayo yalikuwa yakipata nguvu. Walioyashika zaidi walikuwa wavuvi wa upande wa Chilmark, pamoja na vijana waliokusudia kubaki kisiwani. Waliokuwa na nia ya kuhama walitamka kama watu wa bara. Hakuna aliyewaamuru. Utafiti ule ulichapishwa mwaka 1963, na hadi leo wanafunzi wa isimujamii huanzia hapo, kwa sababu ulionesha kwamba irabu moja tu inaweza kubeba swali zima la nani ni wa hapa na nani ni wa kuja.

Kila nikiusoma utafiti huo namwona mtu wa Nungwi. Kisiwa, wavuvi, wageni wa msimu, ardhi ya ufukweni inayopanda bei hadi mwenyeji haigusi: yote tunayo. Sensa ya 2022 iliihesabu Zanzibar nzima kuwa na watu 1,889,773. Mwaka 2024 peke yake waliingia wageni zaidi ya laki 7. Wengi wa wageni hao hawakuzaliwa na Kiingereza. Wako Waitaliano, Wafaransa, Wajerumani na Wapolandi kwa maelfu. Maana yake ni kwamba Kiingereza kinachosemwa Paje au Kiwengwa mara nyingi hakina mwenyewe kati ya hao wawili wanaokisema. Mtu wa Jambiani amekiokota mchangani, Mpolandi amekisoma darasani, wakakutana katikati. Nani basi amsahihishe nani?

Na hapo pwani Kiingereza chenyewe si peke yake. Kiwengwa utawakuta Wamasai, waliotoka bara na rungu na shuka, wakiuza shanga kwa Kiitaliano kinachotiririka. Kwenye soko la ufukweni kila lugha ina bei yake, na kijana wa pwani anaijua bei hiyo kuliko profesa wa uchumi. Wageni nao hubadilika. Huifupisha sentensi, huongea taratibu, hutupa "jambo" moja na "hakuna matata" mbili. Sisi kwa sisi hatuamkiani kwa "jambo" hata siku moja. Neno hilo tumewaachia wao, na kwa kulisema tu mtu hujitambulisha kuwa ameshuka na ndege jana. Sasa ikiwa tunajua vizuri kwamba "jambo" la mgeni ni kitambulisho chake wala si ujinga, kwa nini "no problem" ya papasi tuione kuwa ujinga?

Ulimi uliopita chuoni

Inasemwa kwamba Mzanzibari hukitamka Kiingereza vibaya kwa sababu Kiswahili kinamvuta. Hebu tuliangalie dai hilo kwa sauti moja tu, ile inayoandikwa "th". Ni sauti inayowashinda wengi duniani. Mfaransa husema "zis" akikusudia "this". Ndugu zetu wengi wa bara husema "sink" wakikusudia kufikiri, na Mwingereza akasikia habari ya kuzama. Mtoto wa Mkunazini au wa Makunduchi haimsumbui hata kidogo.

Hakujifunza kwa Mwingereza. Kabla hajaijua njia ya skuli alishakaa jamvini kwenye chuo cha Kurani, mwalimu na kifimbo chake akimwambia atoe ncha ya ulimi baina ya meno, aseme thaa, halafu aseme dhaal, arudie, arudie tena. Nyumbani alisikia thelathini, thamani, dhahabu, fedha na adhuhuri. Siku alipoambiwa darasani aseme "think" na "this", ulimi ulikuwa umeshafika zamani. Kwa hiyo sauti ile ile ambayo mwalimu wa Kiingereza huihesabu kuwa alama ya usafi, kwetu ni alama ya kupita chuoni. Mwenye sikio akimsikia Mtanzania anatamka "three" bila ya tabu, anaweza kukisia kuwa ni mtu wa visiwani au wa mwambao kabla hajaambiwa jina lake.

Kwenye irabu mambo yanageuka. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza cha redio ya London kina karibu 20, ukijumlisha na zile zinazoteleza kutoka moja kwenda nyingine. Hapo ulimi wetu hufanya kama mpangaji aliyehamia chumba kidogo: vitu vingi huwekwa pamoja. Kofia, kibanda na moyo, yaani "hat", "hut" na "heart", hutoka mdomoni kwa "a" moja. Meli na kondoo, yaani "ship" na "sheep", nao hukutana kwenye "i" moja. Mkazo tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama tulivyozoea, na ndiyo sababu neno "development" kwetu hulemea kwenye "lop". Wala si Unguja tu. Utayasikia hayo Mombasa, Dar es Salaam na Kampala, na wataalamu kama Mjerumani Josef Schmied wameyaeleza kuwa sifa za Kiingereza cha Afrika Mashariki. Jambo likifanywa na mamilioni kwa utaratibu mmoja, tena wakaelewana, hatuwezi kuendelea kuliita kosa la mtoto aliyekosa mwalimu mzuri.

Yaliyo ndani zaidi ya sauti ni ya adabu. Mtu akijikwaa mbele yetu tunamwambia "sorry", na Mwingereza anashangaa, kwani wewe umemfanya nini? Hajui kwamba hiyo ni pole. Rafiki tusiyemwona siku nyingi tunamwambia "you are lost", kwa sababu amepotea. Tunainuka kwenye baraza tukisema "I am coming" huku tumempa mtu mgongo, kwa kuwa "nakuja" yetu ni ya anayeondoka na nia ya kurudi. Na tukiwa na kiu tunasema "give me water". Mwingereza husikia amri. Msemaji hakuamuru. Amefasiri "nipe maji", ambayo kwetu upole wake umo kwenye sauti, na kwenye "mama" au "bwana" inayoisindikiza. Kumbe hata hayo maji ya methali ya mitaani, kwa Kiingereza tunayaomba kwa Kiswahili.

Skuli yetu, shule yao

Tazama jina la mahali tunapokisomea Kiingereza. Zanzibar tunasema skuli, neno tulilolichukua kwa Waingereza. Bara wanasema shule, walilolichukua kwa Wajerumani. Mwaka 1890 Uingereza iliitangaza Zanzibar kuwa himaya yake, na ng'ambo ya bahari Mjerumani akajikita. Wakoloni wote wawili wameshaondoka, lakini mpaka wao bado unapita vinywani mwetu kila asubuhi watoto wanapoulizwa wanakwenda wapi.

Mwaka 1892 Zanzibar ilikuwa na gazeti la Kiingereza, Gazette for Zanzibar and East Africa. Tangu wakati huo Kiingereza hapa kilikuwa na ngazi. Juu kabisa walikaa maofisa wa Kizungu. Chini yao walikuwa Wagoa na Waparsi, waliokuja nacho kutoka India na kukalia viti vya ukarani. Halafu wale wachache wa jamii nyingine waliopata nafasi katika skuli za serikali za mjini. Mashamba, wazazi wengi walizisusia skuli hizo mpaka zilipokubali kusomesha Kurani. Tena skuli zenyewe zilijengwa kwa makabila: za jamii za Kihindi, za misheni, za serikali. Kwa mpangilio kama huo, mtu akifungua mdomo kusema Kiingereza alikuwa ameshakwambia mtaa wake, dini yake na kazi ya baba yake.

Chukua wawili waliozaliwa Unguja miaka ya 1940. Farrokh Bulsara alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa Kiparsi ambaye baba yake alikuwa mshika fedha wa Mahkama Kuu. Walimpeleka skuli ya bweni Panchgani, India, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Feltham, kando ya London. Kiingereza chake kilikuwa cha bweni la India kabla ya kuwa cha London. Ulimwengu unamjua kwa jina la Freddie Mercury, na wengi waliompigia makofi hawakujua kabisa kwamba ni mtoto wa Mji Mkongwe. Alipobadilisha jina, sauti nayo ilikuwa imeshahama.

Abdulrazak Gurnah alizaliwa 1948, akakulia Malindi karibu na bandari, akaenda Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi kwa vitabu alivyoviandika kwa Kiingereza. Lakini humo ndani wamo watu wa barazani na maduka ya Wahindi, na maneno ya Kiswahili yanapita bila ya kuomba ruhusa. Amewahi kueleza kwamba hapendi maneno hayo yachapwe kwa herufi za mlalo wala kuwekewa faharasa, kana kwamba ni vitu vya ajabu. Riwaya yake Paradise, ya 1994, ilirudi kwao mwaka 2022 kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Bulsara alikwenda kwenye Kiingereza akaiacha Unguja mlangoni. Gurnah aliingia nayo. Mzanzibari yeyote anayeisema lugha hii yuko mahali fulani baina ya hao wawili, na hakuna kati yao wa kulaumiwa.

Njia ya tatu ilipita Maskati. Sultan Qaboos alipotwaa madaraka mwaka 1970 aliwaita nyumbani Waomani waliokuwa nje. Waliorudi kutoka Zanzibar na Afrika Mashariki walikuwa wamesoma, tena kwa Kiingereza, wakati ndani ya Oman wenye elimu hiyo walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Wakaingia serikalini, polisi na kwenye mafuta. Kiingereza kiliwapa viti. Kiarabu chao chenye harufu ya karafuu kiliwapa jina, Wazanzibari, lililotamkwa mara nyingi kwa kejeli. Mtu mmoja, siku moja, katika ofisi moja, lugha hii inampandisha na ile inamshusha. Hapo ndipo utajua kwamba hadhi haimo ndani ya lugha. Inakaa kwa wanaosikiliza.

Nguo ya Idi

Mtaalamu wa Kikashmiri, Braj Kachru, aliigawa dunia ya Kiingereza kwa miduara mitatu: wa ndani wa wenyewe, wa nje wa nchi zilizotawaliwa kama India na Nigeria, na unaopanuka wa wanaojifunza kama Uchina. Tanzania inampa tabu. Kwa historia tumo kwenye mduara wa nje. Kwa maisha ya kila siku tumeuacha, maana sokoni, msikitini, bungeni na kwenye daladala kazi yote inafanywa na Kiswahili. Nairobi Kiingereza ni nguo ya kila siku. Kuna watoto wanaokisema nyumbani tangu wanazaliwa. Kwetu ni nguo ya Idi. Inatolewa kabatini siku ya usaili, siku ya mgeni, siku ya mtihani, na kwa sababu haivaliwi kila siku, kila kunjo linaonekana.

Kuchekana kupo kote, sababu ndizo zinazotofautiana. Wakenya humcheka anayeshrabu, yaani ambaye lugha ya kijijini kwao inasikika ndani ya Kiingereza chake, na humcheka pia anayetweng, anayejitia lafudhi ya Marekani wakati hajavuka Athi River. Singapore serikali ilianzisha kampeni mwaka 2000 ya kuwataka watu waseme Kiingereza kizuri waachane na Singlish yao. Singlish bado ipo, kwa kuwa ndiyo inayowafanya Wachina, Wamalei na Watamili wa nchi ile wajione watu wa nyumba moja. Kwetu anayechekwa zaidi ni yule anayejaribu. Msichana wa mapokezi akitamka kama alivyofundishwa, wenzake wanasema anajifanya Mzungu. Akitamka kama wenzake, bosi anasema Kiingereza chake hakipandi. Basi asemeje?

Lawama hizi zina mshahara ndani yake. Malalamiko ya kila siku kusini na kaskazini ya Unguja ni kwamba kazi nzuri za hoteli zinakwenda kwa watu wa Kenya na wa bara kwa sababu ya Kiingereza. Yako mambo mengine katika suala hilo, ya mafunzo na uzoefu. Lakini nimeshasikia mara nyingi "hajui Kiingereza" ikisemwa juu ya mtu anayekijua na kueleweka, ila sauti yake ni ya Kizanzibari. Na Kiingereza cha Kihindi, kilichowahi kukaa kwenye viti vya makarani wa himaya, kimerudi Unguja tangu 2023 kikiwa na cheo cha profesa, pale chuo cha IIT Madras kilipofungua tawi lake Bweleo. Hakuna anayemcheka mhadhiri wa hesabu kutoka Chennai kwa lafudhi yake. Tunamsikiliza anasema nini.

Nyani haoni kundule

Kabla hatujamlaumu Mwingereza, tujitazame. Ni nani mkali wa lugha kuliko Mzanzibari? Mgeni wa bara akisema "zahabu" au "selasini" baraza zima linatabasamu. Tunawasahihisha watangazaji, mawaziri, hata waandishi wa vitabu. Tunafanya hivyo kwa sababu tumeambiwa kwamba Kiswahili sanifu ni chetu, na ni kweli kimejengwa juu ya Kiunguja cha mjini. Lakini kilijengwaje? Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliandika kitabu chake cha sarufi mwaka 1870 kwa Kiswahili alichokisikia hapa. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ukakichagua Kiunguja, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki kukisimamia. Kimvita, lahaja ya Mombasa yenye karne za utenzi na ushairi, kikawekwa kando. Hapa hapa kisiwani, Kikae cha Makunduchi kikaendelea kuitwa ushamba na watu wa mjini. Hatukushinda kwa utamu. Lahaja yetu ilikuwa karibu na meza ya wakubwa, ikabahatika. Lahaja ya London nayo haina sifa zaidi ya hiyo.

Na bei ya ushindi wa namna hiyo hulipwa na watoto. Sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 iliagiza hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto wa Makunduchi nyumbani anasema Kikae, skuli amejifunza Kiswahili sanifu, chuoni anasoma Kiarabu, na akifika miaka kumi na moja hivi anaambiwa aijue dunia kwa lugha ya nne.

Nilikaa nyuma ya darasa moja la kusini mwa kisiwa. Mwalimu aliuliza kwa Kiingereza maji ya bahari huenda wapi yakiachwa juani. Watoto wakaangalia madawati. Akauliza tena, akaongeza sauti, kama kwamba tatizo ni masikio. Kisha kwa kukata tamaa akauliza kwa Kiswahili, na msichana wa dirishani akainua mkono. Alieleza kwamba mama yake huanika mwani, na mwani ukikauka maji yote yamepaa, chumvi inabaki nyeupe juu ya majani, na siku ya mawingu kazi hiyo haiendi. Alikuwa ameeleza uvukizi, masalia yake na nguvu ya jua. Mwalimu akamwambia: vizuri, sasa sema kwa Kiingereza. Msichana akaanza neno la kwanza, mmoja akacheka, akakaa.

Sisemi kwamba kila Kiingereza kinafaa kila mahali. Rubani na mnara wa uwanja wa ndege lazima waelewane bila ya shaka. Mkataba wa ardhi ya pwani unataka Kiingereza cha kisheria kilichonyooka, na wengi wetu tumeponzwa kwa kutokijua. Maandishi rasmi yana kanuni zake, na mtoto wa maskini ana haki ya kufundishwa kanuni hizo kama mtoto wa tajiri. Kijana wa Forodhani analijua hilo bila ya kufundishwa, maana hakumwambia meneja "boat, tomorrow". Kumfundisha mtu nguo ya pili ni hisani. Kumchania ile aliyonayo ni jambo jingine.

Kwa hiyo walimu wenzangu, mtoto akijibu kwa "a" moja mahali penye tatu, mpeni kwanza alama ya jibu, kisha mfundisheni irabu, na anayecheka ndiye akaripiwe. Wazazi, msiuze shamba kwa ajili ya skuli ya Kiingereza inayomfundisha mtoto kubana pua na kuona haya kwa lugha ya bibi yake. Na wewe ndugu yangu uliyekaa upande wa meza wa kuuliza, unayeajiri: ukimsikia mtu anasema "think" kwa ulimi wa chuoni na "ship" kwa irabu ya kwetu, andika alichosema, usiandike alivyosikika.

Siku ya pili nilipita tena Forodhani. Wale Wapolandi walikuwa wamerudi kutoka Changuu, wamechomwa na jua, wamewaona kobe, wanacheka. Walimlipa yule kijana, na kwa Kiingereza chao kibovu wakamwambia chake ni kizuri.